Mabibo Hayasubiri Mnada

Kwenye lebo ya chupa ile kuna namba moja ambayo macho hukimbilia, na namba hiyo ni 12. Wateja wa kaunta yetu walikuwa wakiigusa kwa kidole kabla ya kuuliza bei, na wengi wakishaisikia bei walirudisha kidole wakaagiza bia. Yamazaki, miaka 12. Maana yake ni kwamba wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo ndani imekaa kwenye pipa la mbao kwa miaka isiyopungua 12 kabla ya kutiwa kwenye chupa. Nyingine zinaweza kuwa na umri mkubwa zaidi, lakini kwenye lebo anayehesabiwa ni mdogo wao.

Nilisimama kwenye kaunta hiyo, katika hoteli moja ya Masaki, Dar es Salaam, kwa miaka mitatu. Siku moja, wateja wakiwa wachache, nilipiga hesabu. Wakati kinywaji kile kinaingia kwenye pipa huko Japani, mimi nilikuwa Nandagala, wilayani Ruangwa, namaliza darasa la saba au naanza kidato cha kwanza katika shule ya kata. Ada ya sekondari ya kutwa ya serikali wakati huo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na juu yake kulikuwa na michango, sare, madaftari na viatu. Vyote hivyo vililipwa na kinywaji kingine, ambacho baada ya kutoka kwenye bomba hakikuwahi kuiona jioni ya siku ya pili.

Kuonja wiski kavu kuna utaratibu wake, na utaratibu huo nilifundishwa kazini. Unatumia glasi ndogo iliyobana mdomoni, unamimina kidogo, kiasi cha kufunika kitako chake. Hutumbukizi pua kama mtu anayenusa pilau. Unaiweka glasi karibu na kidevu, unaachia mdomo wazi kidogo, na harufu inakufuata yenyewe. Kisha unapiga funda dogo, unalizungusha juu ya ulimi, unameza, unanyamaza. Baada ya hapo unaongeza matone mawili matatu ya maji na kuanza upya, kwa sababu maji hufungua harufu zilizokuwa zimejificha ndani ya ukali.

Kijitabu chetu cha mafunzo kiliorodhesha harufu za wiski ile: pichi, nanasi, nazi, vanila, karafuu, ganda la chungwa. Pichi sikuwahi kuila. Nazi na karafuu nilizikuta mara moja, kama unavyokuta sauti ya ndugu kwenye umati. Lakini chini ya zote kulikuwa na harufu nyingine ambayo kijitabu hakikuwa nayo: bibo lililoiva kupita kiasi, lile lililodondoka alfajiri na kupigwa na jua mpaka saa nne. Sikusema. Mezani palikuwa na wenzangu kutoka Arusha, Mombasa na Iringa, na ningeanza kueleza bibo ni nini tungefika usiku.

Mkufunzi alituambia kwamba sehemu kubwa ya ladha ile haitokani na shayiri, inatokana na mbao. Kuna mapipa ya mwaloni wa Marekani, kuna ya Hispania yaliyowahi kubeba mvinyo wa sheri, na kuna ya mwaloni wa Japani unaoitwa mizunara, ambao ni mgumu kuutengenezea pipa kwa kuwa huvujisha. Kinywaji chenyewe kinapotoka kwenye mtambo, alisema, hakina rangi. Ni cheupe kama maji, kikali, kinaunguza koo.

Kitu cheupe kama maji, kikali, kinachounguza koo nilikuwa nakijua tangu sijaanza shule. Kwetu kinaitwa nipa. Mikoa mingine wanakiita gongo.

Watanzania wengi wamelisikia jina la Nandagala kwa sababu ndiko nyumbani kwa Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu kwa miaka 10 kuanzia Novemba 2015. Kabla ya hapo, nikitaja nyumbani ilinibidi nianze na Lindi, niende Ruangwa, kisha nionyeshe kwa mkono. Ni nchi ya Wamwera, nchi ya ufuta, mihogo na mbaazi, na juu ya yote ni nchi ya mikorosho.

Mkorosho huzaa vitu viwili vilivyoshikana ambavyo maisha yao hayafanani. Korosho ina ganda gumu. Ukiianika vizuri inakaa kwenye gunia miezi mingi. Inapelekwa ghala la chama cha msingi, inapimwa, mkulima anapewa stakabadhi, halafu anasubiri mnada, na baada ya mnada anasubiri fedha. Bibo halina ganda. Limejaa maji, ngozi yake ni nyembamba kama ya nyanya, likianguka asubuhi jioni limeshaanza kuchacha, kesho yake ni la nzi. Nyumbani kwetu korosho zilikuwa za babu: jina lake ndilo lililoandikwa kwenye stakabadhi. Mabibo yalikuwa ya bibi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeyataka.

Bibi aliyageuza kuwa fedha kwa njia waliyoitumia wanawake wengi wa kusini. Tuliokota mabibo kabla jua halijawa kali, tukanyonyoa korosho na kuziweka kando, tukayatwanga, tukayakamua, maji yake tukayatia kwenye pipa na kuyafunika. Baada ya siku mbili tatu yalikuwa yanatoa povu na kunong'ona. Hapo tayari ni uraka, pombe laini ya msimu, ambayo wazee walikuja kuinywa kwa kata. Iliyobaki iliingia jikoni. Pipa la chuma juu ya moto, bomba la shaba likitoka kifuniko chake na kupita kwenye mtumbwi mdogo wa maji baridi, na mwisho wa bomba, chupa. Mvuke unapanda, unakutana na ubaridi, unarudi kuwa maji. Usiku mzima tone moja linafuata jingine. Mimi nilisomea masomo yangu kwenye mwanga wa moto ule, na kazi yangu ilikuwa kubadilisha maji ya kwenye mtumbwi yakipata joto.

Kikombe cha kwanza bibi alikimwaga mchangani. Kila mara. Matone ya mwanzo hubeba vitu visivyofaa mwilini, na yeye aliyajua hayo bila kijitabu. Kisha alichukua kidogo kwenye kifuniko cha chupa, akawasha kiberiti, akatazama rangi ya moto. Kuonja hakuonja hata siku moja, kwa sababu bibi ni mtu wa swala tano. Alichofanya ni kumimina matone viganjani, akayafikicha, akafunika pua kwa mikono yote miwili, akavuta pumzi. Miaka mingi baadaye nilimwona mtaalamu mmoja wa wiski akifanya hivyo hivyo mbele yetu, na wenzangu wakaandika kwenye daftari.

Kulipokucha wateja walishafika na chupa zao za plastiki, na kufikia adhuhuri hakuna kilichobaki. Ilikuwa lazima iwe hivyo. Sheria ya mwaka 1966, ambayo kinywaji hiki inakiita moshi, inakataza kukitengeneza, kukiuza au kukutwa nacho bila leseni, na mimi sikuwahi kumwona mwanamke wa kijiji chetu mwenye leseni. Nipa inayolala ndani ya nyumba ni ushahidi. Nilipokuwa kidato cha pili askari walikuja usiku, wakachukua pipa, wakachukua bomba, na bibi akalala mahabusu siku mbili. Aliporudi hakusikitikia mahabusu. Alilisikitikia bomba, maana shaba ni ghali.

Chupa ya Yamazaki niliyoipeleka Nandagala nilipewa na mgeni wa Kijapani aliyekuwa anamaliza mkataba wake Dar es Salaam na kurudi kwao. Ilikuwa imebaki theluthi moja. Yeye mwenyewe alikuwa anakunywa kila jioni kwa namna moja tu, glasi ndefu iliyojaa barafu, sehemu moja ya wiski na sehemu tatu au nne za maji ya soda. Wajapani wanaiita haiboru. Wana na nyingine inayoitwa mizuwari, ambayo ni wiski, barafu na maji ya kawaida, na neno lenyewe maana yake ni kukata kwa maji. Nilipokuwa mgeni wa kazi nilidhani ni kuharibu kitu cha ghali. Yeye aliniambia kwamba kwao wiski inakaa mezani pamoja na chakula, na chakula hakitaki kitu kinachopiga kelele.

Novemba 2024 niliifunga chupa kwenye khanga, nikapanda basi Mbagala. Kilwa, Lindi, njia panda ya Nanganga, Ruangwa. Njia nzima niliipakata.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Hicho ulichokibeba kama kichanga ni nini?"

"Wiski, bibi. Ya Japani."

"Mnapika na nyie huko?"

"Wanapika wao. Mimi namimina tu."

Tulikaa kwenye mkeka chini ya mkorosho, mimi, bibi na mjomba mkubwa, ambaye huendesha bodaboda na kunywa kwa kiasi siku za mnada. Barafu nilinunua dukani, ile ya vifuko. Nilimmiminia mjomba kidogo, kavu, kwenye bilauri ya chai, nikamweleza habari za pua na kidevu. Akanisikiliza kwa heshima, halafu akaitupia kooni yote kwa mara moja, akakunja uso na kungoja ukali. Ukali haukuja kama alivyouzoea. Alikunjua uso polepole.

"Hii haina hasira," alisema. "Imetulia kama mstaafu ambaye pensheni yake inaingia kila mwezi."

Kaunta nzima ya Masaki haikuwahi kunipa maelezo bora zaidi ya hayo. Nilimimina nyingine, nikaongeza matone ya maji, na safari hii aliinywa kwa funda. Akasema anasikia nazi. Halafu akasema anasikia mbao za kabati la zamani la marehemu baba yake, kabati lililokuwa na nguo za sikukuu. Nikamtengenezea haiboru. Aliimaliza haraka akasema ni soda ya watu wazima, itafaa harusini. Tukajaribu na Stoney Tangawizi, na hapo wiski ilipotea kabisa: tangawizi ilisimama mlangoni ikakataa kumpisha mtu.

Ya mwisho ilikuwa kokteli ambayo nilikuwa naifikiria tangu Mbagala. Nilikamua mabibo mekundu matano ya asubuhi ile. Maji ya bibo hushika koo na kukausha ulimi, kwa hiyo niliyachemsha kidogo na chembe za chumvi, nikayachuja kwa kitambaa mara mbili, nikayaacha yapoe. Nikaweka sehemu mbili za juisi ile, sehemu moja ya wiski, ndimu, sukari kidogo iliyoyeyushwa, barafu. Nikatikisa kwenye chupa ya maji iliyokatwa. Nilionja kabla ya mjomba. Ulimi ulikauka kidogo, kisha utamu wa mbao ukaja juu yake, na ile harufu niliyoinyamazia miaka mitatu iliyopita ikajitokeza waziwazi, kama mtu aliyefika kwao na kuvua viatu.

Bibi alikuwa ametutazama muda wote bila kusema. Sasa akanyoosha viganja. Nilimdondoshea matone ya ile kavu. Akayafikicha, akafunika pua, akavuta pumzi, akakaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Hii imelala," alisema.

"Imelala, bibi. Kwenye pipa la mti. Miaka kumi na miwili."

Nikamweleza kuhusu mapipa, na jinsi kila mwaka kiasi cha asilimia 2 hivi hupotea kwa kuwa mvuke unapenya mbao, na katika nchi za joto hupotea zaidi, na kwamba watengenezaji wanakiita hicho kilichopotea sehemu ya malaika.

"Kwao malaika wanakunywa?"

Mjomba alicheka mpaka akaweka bilauri chini. Bibi hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu, nilimwona.

"Miaka kumi na miwili," alisema. "Hao watu walikuwa wanakula nini?"

Nimeshahudhuria mafunzo ya wiski mara nne. Nimesikia watu wakiuliza kuhusu maji, moshi wa mboji, umbo la mitambo na aina za mbao. Swali la bibi sikuwahi kulisikia, na ndilo linalofungua historia nzima ya wiski ya Japani.

Jibu nililokuwa nalo nilimpa. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Osaka, Shinjiro Torii, ambaye tangu mwaka 1907 alikuwa akiuza mvinyo mtamu uitwao Akadama. Mvinyo ule ulipendwa, na faida yake ndiyo iliyojenga kiwanda cha Yamazaki kuanzia mwaka 1923. Wiski yao ya kwanza iliingia sokoni 1929, na haikupendwa. Mvinyo uliendelea kuuza, mapipa yakaendelea kulala. Aliyemjengea kiwanda kile alikuwa Masataka Taketsuru, kijana wa familia ya wapika sake kutoka Takehara, ambaye mwaka 1918 alikwenda Scotland kujifunza kazi, akarudi na ujuzi na mke, Rita Cowan. Mwaka 1934 Taketsuru akaanzisha kiwanda chake mwenyewe huko Yoichi, kaskazini, kwenye baridi. Alijua kwamba wiski haitamlipa mpaka miaka ipite. Yoichi kulikuwa na matufaha mengi. Kwa hiyo kampuni yake aliisajili kama kampuni ya juisi, akakamua matufaha akauza juisi huku wiski ikikaa kwenye mapipa. Wiski yake ya kwanza ilitoka 1940. Jina la Nikka, ambalo leo wateja wanalitamka kwa heshima, ni kifupi cha jina la kampuni ile ya juisi.

"Kwa hiyo juisi ndiyo iliyowalisha," bibi alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Sisi juisi ndiyo hiyo hiyo ikawa pombe, ikawa ada, ikawa viatu. Haikubaki ya kulala."

Kisha alisimulia jambo ambalo mimi wala mjomba hatukulijua. Mwaka mmoja, mama yangu akiwa binti mdogo, bibi aliitenga nipa kwenye mtungi, akauziba kwa nta na kuufukia nyuma ya jiko. Alitaka ukae mpaka siku ya harusi ya mama, aone itakuwaje. Ulikaa wiki tatu. Mama akaugua malaria, mtungi ukafukuliwa, dawa zikanunuliwa. Aliyeinunua ile nipa, bibi alisema, alirudi kesho yake kuuliza kama kuna nyingine ya namna ile.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiiangalia namba kwenye lebo kwa jicho jingine. Chama cha watengenezaji wa vileo vya Japani kilitoa masharti mwaka 2021 kwamba kinywaji hakitaitwa wiski ya Japani kama hakikukaa kwenye pipa la mbao nchini humo angalau miaka mitatu. Miaka mitatu ndiyo kima cha chini. Ili kukifikia unahitaji kuwa na ghala ambalo hakuna atakayelivamia usiku, mtoto anayeweza kuugua bila pipa kufukuliwa, na kitu kingine cha kuuza leo. Hayo yote yamo ndani ya glasi, na ndiyo mjomba aliyoyasikia aliposema pensheni.

Nisingependa msomaji afikiri kwamba naipamba nipa. Nilikuwa na mjomba mwingine, mdogo, mchekeshaji, fundi wa baiskeli. Alianza na viroba, vile vifuko vidogo vya pombe kali vilivyouzwa hata kwenye vibanda vya vocha. Februari 2017, akiwa Mirerani, Majaliwa alitangaza kwamba kuanzia Machi 1 viroba ni marufuku nchini, na vikatoweka. Mjomba mdogo akahamia kwenye nipa. Bibi alimnyima yake, akainunua kwa wengine, kwa watu ambao kikombe cha kwanza hawakimwagi kwa kuwa kila tone lina bei. Macho yalimpungua nuru, tumbo likavimba, na mwaka 2018 tukamzika. Baada ya arobaini bibi aliliuza bomba lake la pili la shaba kwa fundi sufuria. Hajapika tena.

Nilimuuliza usiku ule kama anaamini nipa ndiyo iliyomuua mwanawe. Alijibu kwamba bibo halina kosa, na moto hauna kosa, ila kitu kinachopikwa kwa kujificha hupikwa kwa haraka, na anayekinywa naye hukinywa kwa haraka. Sina hakika kwamba mbao na miaka vingemwokoa mjomba mdogo. Japani nako kuna walevi, na kaunta ya Masaki nilimimina vinywaji vya miaka 18 kwa watu waliokuwa wanajiua taratibu na kwa adabu. Lakini kuna tofauti kati ya kilevi kinachomwangamiza mtu kwa jina lake na anwani yake, na kilevi ambacho hata aliyekipika hawezi kutajwa.

Mkorosho wenyewe ulikuja huku na Wareno, kutoka Brazili, katika karne ya 16, na waliupanda pia Goa, India. Huko Goa wanawake na wanaume wanakamua mabibo kama sisi. Mkamuo wao wa kwanza wa motoni wanauita urrak, na ukiusikia ukitamkwa huwezi kuacha kuukumbuka uraka wetu. Waarabu waliiita pombe ya kutoneshwa araki, neno lenye maana ya jasho, na aliyewahi kutazama bomba la shaba likitona anajua kwa nini. Wa pili wanauita feni. Mwaka 2009 feni ya bibo ilisajiliwa India kama bidhaa yenye asili ya Goa, hivyo jina hilo ni la watu wa Goa, kama jina la wiski ya Scotland lilivyo la Scotland. Feni inawekwa kwenye chupa zenye lebo, na watalii wanabeba.

Jirani zetu nao wamejaribu njia zao. Uganda walitunga sheria mwaka 1965 ya kuwaweka wapikaji wa enguli chini ya leseni, na kutoka hapo ikazaliwa Uganda Waragi, inayouzwa hadi leo. Kenya walihalalisha chang'aa mwaka 2010 kwa masharti ya ubora na vifungashio, lakini mwaka 2014 watu wengi walikufa huko kwa pombe iliyokuwa na methanoli, kwa hiyo karatasi peke yake haitoshi. Inahitajika maabara, inahitajika mafunzo, inahitajika mtu wa kumlipa mwanamke wa Nandagala leo kwa kikombe alichokimwaga mchangani jana. Na mabibo si lazima yawe pombe: ile juisi niliyoichemsha kwa chumvi na kuichuja mara mbili ilinywewa na bibi peke yake, bilauri mbili, na akaniuliza kama Dar es Salaam wanaweza kuinunua. Nilikumbuka matufaha ya Yoichi, lakini sikumjibu haraka. Nilimwambia nitaulizia bei ya chupa na ya mashine ya kukamulia, na hilo ninaendelea kulifanya.

Kilichobaki kwenye chupa tulikimaliza mjomba na mimi, kavu, giza likiingia. Chupa bibi aliichukua, akaiosha kwa maji ya moto na majivu mara tatu, akaitia mafuta ya ufuta.

Alfajiri tuliokota korosho. Umande ulikuwa mwingi na mabibo yalikuwa yameanguka kila mahali, mekundu na ya manjano, yakinukia mpaka barabarani. Tulinyonyoa korosho tukatia kwenye ndoo. Mabibo tuliyarundika pembeni na mbuzi wakayajia. Kufikia saa nne nzi walikuwa wameshakuta rundo lililobaki. Siku tatu baadaye, korosho zilipokauka, mjomba alifunga gunia kwenye bodaboda, mimi nikakaa nyuma nikilishikilia. Ghalani walilipima, wakaandika uzito, wakatupa karatasi yenye jina la bibi, maana babu naye alishatangulia. Tulimuuliza karani mnada ni lini. Akasema tusubiri.